Nyuki wa Chuma Walipokuwa Wazito

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi viatu, na hapo ndipo yalipotatuliwa kila jioni matatizo ya dunia nzima, isipokuwa ya waliolikalia. Kahawa ilikuwa ya Mama Birika, na maneno yalikuwa ya wanaume watatu. Wa kwanza alikuwa fundi viatu mwenyewe, Besi, aliyeitwa hivyo kwa sauti nzito aliyojitwisha tangu ujana. Wa pili Dishi, fundi wa antena, aliyeamini kila jambo lina siri iliyofichwa. Wa tatu Profesa, mpaka rangi wa nyumba za watu, ambaye cheo hicho alikipata kwa miwani tu. Jioni hiyo Besi alikuwa hakai akatulia. Kesho yake bintiye anaolewa, na katika harusi nzima baba mtu alikuwa ameomba jambo moja: acheze na binti yake wimbo wa tatu, upande wa kwanza, wa kaseti ya kwanza ya Nyuki wa Chuma. Hiyo ni ile bendi ya roki ya ng'ambo iliyovuma kila mahali. Jina lake halisi lilikuwa linauma ulimi, basi kijiwe kikaiita kwa picha ya nyuki iliyokuwa kwenye kasha la kaseti, mambo yakaisha.

— Utaweza lakini? aliuliza Profesa. Goti lako hilo likianza kulia, watu watadhani kuna mlango unafunguliwa.

— Wimbo wa tatu hauna papara, bwana. Unaweka mguu huu, unapumzika, unamkumbuka marehemu bibi yako, ndipo unaweka wa pili. Nimefanya mazoezi wiki nzima nyuma ya kibanda.

— Kumbe! alidakia Mama Birika akimimina kahawa. Mimi nilidhani umeangusha sindano unaitafuta kwa mguu.

Wakacheka, na Besi akacheka nao, ingawa moyoni alikuwa na woga wa kweli. Binti huyo alikuwa wa pekee. Akishaondoka kesho, nyumbani watabaki yeye na mkewe na redio.

— Siku zile Nyuki walikuwa wazito, alisema kwa huzuni. Gitaa likiguswa unalisikia tumboni. Mwimbaji sauti yake inatoka chini ya ardhi kabisa. Halafu angalia walivyokuja kuwa! Mbio mbio, sauti nyembamba kama mbu.

— Yule mwimbaji alikatwa kilimi, alisema Dishi.

— Nani kakwambia?

— Sauti haipandi vile bure. Alikatwa, wakaficha.

— Kilimi wapi! alisema Profesa akipandisha miwani. Yule wa kwanza hakuwa mwimbaji, alikuwa mpigana mieleka. Mtu kama kabati. Alipooa, mkewe akamkataza kurudi usiku, wakamweka mpwa wake.

— Na ngoma je? aliuliza Besi. Mbona nazo zilianza kukimbia?

— Mpiga ngoma alikuwa na mguu mbovu. Kaseti ya kwanza aliipiga anaumwa. Alipopona tu, bendi ikaharibika.

— Nyinyi hamjui kitu, alisema Dishi, na sasa alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Ule muziki wa mwanzo ulirekodiwa ndani ya mgodi! Kule chini hewa ni nzito, hata ukikohoa inachukua muda kufika. Walipopanda juu, wakawa wepesi. Sayansi hiyo!

Besi alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya kuaminika. Hoja hizo alikuwa amezisikia miaka nenda miaka rudi, na hakuna siku aliyozichoka. Wao wenyewe, ujanani, walikuwa wameunda bendi ya kuwaiga Nyuki: Besi sauti na gitaa, Dishi ngoma, Profesa akitingisha kitu ambacho hadi leo hakijapewa jina. Walipiga ukumbini mara moja tu. Kufika wimbo wa tatu, nusu ya watu walikuwa wamelala na nusu nyingine wako nje wanatafuta usafiri. Akabaki msichana mmoja mstari wa mbele, kajiegemeza shavu mkononi, anamtazama Besi. Ndiye mama wa bi harusi wa kesho.

Bi harusi mwenyewe akatokea kona ya mtaa, kichwa kimefungwa kitambaa, simu mkononi.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, bi harusi! Karibu!

— Sikai, nina mambo chungu nzima. Baba, mpiga muziki wa harusi ameupata wimbo wako. Nimekuja uusikilize, kesho tusije tukaaibika.

Akabonyeza. Ngoma zikaporomoka kama mawe juu ya bati. Gitaa likalia kwa kasi, na juu yake kijana mwenye sauti nyembamba akaimba kama anayekimbizwa na mbwa. Goti la Besi lilishtuka lenyewe.

— Siyo huo, mwanangu! Huo ni wa baadaye, walipoharibika.

— Baba, ni wa tatu, kaseti ya kwanza. Picha ya nyuki hii hapa.

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama picha. Nyuki alikuwa yule yule. Wakaisikiliza ile sauti ya mbu hadi mwisho, na chini kabisa ya zile mbio wakautambua wimbo wao.

— Sasa nyinyi mlikuwa mnasikilizia nini? aliuliza binti. Redio ya umeme au ya betri?

Dishi alitazama antena ya jirani kana kwamba imemwita. Wote watatu walikuwa wanaziona akilini zile betri za redio yao ya ujanani zimeanikwa juu ya bati la jikoni kwa kina Profesa, zinaota jua ili zipate nguvu ya kumalizia upande wa kwanza. Tangu siku ya kwanza hazikuwahi kuwa nzima, na kaseti ilizunguka kwa kujikokota. Umeme ulipofika mtaani, ile redio ilikuwa imekwisha kuutafuna utepe wote.

— Mungu wangu, alisema Mama Birika. Mpigana mieleka!

Alicheka peke yake. Besi alikuwa ameinamia kiatu kisicho na soli, na aibu ilimpanda hadi masikioni. Maisha yake yote alikuwa amejivunia kuimba kama betri zilizokwisha.

— Mwambie mpiga muziki aweke nyimbo zenu, alisema. Mimi nitakaa na mama yako, nitawapigia makofi. Huo siuwezi.

— Hata mimi siuwezi, baba. Wala siujui. Ninaoujua ni ule uliokuwa unanibembelezea nikiugua. Huo ndio ninaoutaka. Kwani umeusahau?

Akazima simu. Akaanza kuuimba yeye mwenyewe, polepole, chini chini. Besi alijikuta ameingia naye, ile sauti nzito ikitoka inakwaruza. Dishi akakamata makopo mawili ya gundi. Profesa alitingisha pakiti ya misumari. Binti akamshika baba yake mkono, akamwinua, wakacheza pale mbele ya kibanda: mguu huu, wakapumzika, mguu huu. Mama Birika alipindua birika, halikutoa hata tone, na hakuna aliyeuliza kahawa.

— Kesho mje na hayo makopo, alisema binti. Mtapiga nyinyi.

Alipokwisha kuondoka walirudi kwenye benchi. Besi akajifuta macho kwa kitambaa cha kupakia viatu rangi, akabaki na weusi mashavuni.

— Lakini tuseme ukweli, jamani, alisema. Wale Nyuki, ule wimbo waliukimbiza.

— Sana, alisema Profesa.

— Waliuharibu, alisema Dishi.