Shangazi Aliyechoma Uzi

Kwa miaka ishirini na sita Shangazi ameketi kwenye cherehani ya mwisho, karibu na dirisha, akishona lebo kwenye mashuka ya karakana yetu. Tarehe 30 Juni alistaafu. Nimeombwa niandike mimi haya ya kumuaga kwa kuwa ni mpwa wake, nami hukunja mashuka hapa kila likizo, na kusema mbele ya watu siwezi, ulimi hunikauka.

Hapa kila mtu humwita Shangazi, hata Bosi, ambaye hana undugu naye hata wa kusingizia. Karibu mafundi wote ndiye aliyewafundisha kunyoosha pindo. Akiona limepinda hukohoa mara moja tu, na mwenye pindo huanza kufumua bila kuambiwa.

Lakini mimi nitamkumbuka kwa neno moja la Kiingereza. Lebo zetu zilisema “Pure Cotton”. Likizo moja aliniuliza hilo la kwanza lina maana gani hasa. Nikamweleza kama tulivyofundishwa: hutumika kwa dhahabu, kwa maji, hata kwa moyo wa mtu, ni kitu kisichochanganywa na kingine. Hapa, basi, ni pamba tupu.

Mbele ya Shangazi palikuwa na rundo la mashuka ya bweni fulani. Akachomoa uzi, akawasha kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kubaki jivu. Huu uliyeyuka, ukawa punje ngumu nyeusi. Polista, ule uzi wa plastiki, imo.

Akazima cherehani.

“Shangazi, mzigo unaondoka kesho! Unataka kunifilisi?” Bosi alifoka.

“Mwanangu, kwa lugha yangu sijawahi kumdanganya mteja wako. Nije nimdanganye kwa lugha ya kuazima?”

“Basi nenda nyumbani ukapumzike na hiyo lugha yako!”

Akachukua mkoba wake, akaenda. Mimi nilibaki nakunja mashuka huku machozi yananitoka. Niliona nimemponza kwa mdomo wangu, mdomo wenyewe ambao hata salamu huitoa kwa shida.

Jioni Bosi alimpigia simu mwenye bweni, akamwambia ukweli. Yule akacheka: mchanganyiko ndio alioutaka, unakauka upesi wala hausumbui kupiga pasi. Asubuhi Bosi alimfuata Shangazi kwake, kwa miguu. Tangu hapo lebo zetu ni za aina mbili, na kiberiti kinakaa kwenye droo ya cherehani ya mwisho.

Ijumaa tulimuaga kwa zawadi ya shuka jeupe. Lebo ya “Pure Cotton” aliishona Bosi mwenyewe, ikaenda upande kama mlevi. Shangazi akakohoa. Kisha, mbele yetu sote, akachomoa uzi na kunyoosha mkono.

“Kiberiti kiko wapi?”

Bosi akashika kichwa. Uzi ukawaka, ukazimika. Jivu! Vigelegele vilisikika hadi barabarani.

Asante, Shangazi. Kalalie shuka lako, na usingizi wako uwe kama neno la kwanza la lebo yake linavyosema.