Mkoromo wa Hosteli

Kwenye treni, kiti cha nyuma yangu, msusi mmoja kijana alikuwa akimsimulia bibi aliyeketi naye masaibu ya safari. Yeye na shoga yake walikwenda kutembea ng'ambo na mabegi mgongoni, wakafikia hosteli ya vitanda vya ghorofa, chumba kimoja na wageni wasiowajua.

"Shoga yangu alikoroma, bibi, mpaka kitanda kikatetemeka! Nikamrekodi. Asubuhi nikawawekea watu jikoni wasikie, ikawa vicheko vitupu. Tangu hapo hanisemeshi, amehamia behewa la mbele. Na ulikuwa utani tu!"

"Utani gani wa kuwachekesha wageni kwa rafiki yako?" bibi akamjia juu. "Mimi mwenyewe nakoroma. Ungenirekodi, ungenitambua."

"Kwa hiyo niombe radhi kwa kunyimwa usingizi?"

"Kwa kurekodi, mjukuu wangu!"

Mimi, ambaye mke wangu ananirekodi kila mara, nilijitia kutazama nje.

Treni iliposimama, yule shoga akatokea mlangoni, akamnyooshea msusi mkono.

"Lete hilo begi nikusaidie," akasema. "Lakini ujue bado nimekununia."