Pumzi ya Tufani

Fumba macho kidogo, nikuoneshe mahali. Kuna ukuta uliopakwa chokaa, na chini yake benchi refu la mbao ambalo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Kulia ni karakana ya Fundi Spika, na maboksi yake meusi yamepangwa nje kama makabati ya watu wanaohama. Kushoto ni kibanda cha kinyozi tunayemwita Wembe. Katikati, juu ya jiko la mkaa, linachemka birika la kahawa, na mwenye birika tunamwita Mama Birika. Ukutani, juu ya vichwa vyetu, pamebandikwa bango jipya: mtu mwenye nywele ndefu, gitaa kifuani, mdomo wazi kama anataka kuumeza mtaa. Huyo ni Tufani, mwimbaji wa roki, mtoto wa mtaa wa nyuma hapo. Jumamosi ataimba uwanjani. Au hataimba, maana Tufani anaumwa mapafu, anaumwa kweli, na siku hizi hulala na mtungi wa hewa kando ya kitanda. Umeona? Basi fungua masikio, nikusimulie ya leo alasiri.

Wembe alitoka kibandani na mashine mkononi. Nyuma yake alimwacha mteja aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa.

— Ataimba! alisema. Tena ataimba mpaka mabati yang'oke. Zitazameni hizo nywele.

— Nywele zina nini? aliuliza Mama Birika.

— Mama, mimi ndiyo kazi yangu. Ugonjwa huanzia kwenye nywele. Zinalala, zinakata tamaa. Hizo zimesimama kama askari wa gwaride.

— Hiyo picha ya zamani, Wembe. Hapo alikuwa hata hajaoa.

— Haidhuru. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu la Tufani zima, si zima?

— Zima.

— Maana yake alisikia. Ataimba!

Mzee mmoja mwembamba aliweka kikombe chini. Huyo ni Daktari. Nikueleze mapema, usije ukampelekea homa yako: Daktari hajamtibu mtu hata siku moja. Alilinda geti la hospitali mpaka akastaafu, na husema kila ugonjwa ulipita kwake kwanza kabla ya kufika wodini.

— Mapafu ni mangapi? aliuliza.

— Mawili, alijibu Wembe.

— Kwa nini mawili? Mungu hagawi ovyo. Moja ni la kuongea, jingine la kuimba. Tufani ameliua la kuongea. Kila redio inamwita: habari ya afya? Anajibu. Kila jirani: umeamkaje? Anajibu. Lile la kuimba liko ndani ya karatasi yake, jipya kabisa!

— Sasa dawa ni nini?

— Asisalimiwe. Kuanzia leo mpaka Jumamosi, mtaa mzima tumnunie.

— Tumnunie mgonjwa? Mama Birika alishika kiuno.

— Kwa faida yake. Ndiyo maana wakasema, mgonjwa haulizwi uji.

— Haulizwi kwa sababu anapewa, baba! Na wewe kahawa yangu hupewi tena mpaka uirudishe akili ulikoiazima.

Tulicheka wote, isipokuwa mtu mmoja. Fundi Spika alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa karakana, ametupa mgongo, anaunga waya. Yeye na Tufani walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Spika ya kwanza maishani mwao waliitengeneza pamoja kwa redio mbovu na sufuria ya mama yake Tufani, na sufuria hiyo ilitafutwa mpaka mwaka ukaisha.

— Fundi, nilimwita, wewe ni rafiki yake. Huna neno?

— Nasubiri simu, Mwalimu. Ameniambia jioni hii ataamua. Akisema anapanda, napakia spika. Akisema habari imekwisha, naziacha hapo zilipo.

— Unaogopa atazidiwa jukwaani?

— Daktari wake amemruhusu. Daktari wa kweli, samahani, mzee wangu. Nyimbo chache, kiti, mtungi pembeni. Hilo tumeshalipanga.

— Sasa unaogopa nini?

Aliubana waya mpaka ukashika.

— Naogopa pumzi imkatikie katikati ya wimbo. Uwanja unyamaze. Halafu mtu mmoja acheke. Mmoja tu. Mimi Tufani namjua. Ugonjwa atauvumilia, lakini kicheko hicho kitamlaza asiamke.

Hata Daktari hakuwa na pafu la tatu la kutupa.

Wakati huo mwisho wa benchi alikuwa amekwisha kukaa mama mmoja mgeni, kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Aliomba kahawa, akapewa. Alikuwa akigonga ukingo wa kikombe kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mkwe. Hatukumuuliza lolote. Kwetu mgeni hunywa kwanza.

Wembe ni mtu asiyeweza kukaa na huzuni. Humwasha, kama nywele zilizoingia kolani.

— Nimepata! aliruka. Tuingize mtu ndani ya spika.

— Unasemaje?

— Tufani anasimama mbele, anafungua mdomo. Pumzi ikikata, aliye ndani ya spika anaendeleza. Nani atajua? Uwanja mzima utasema, tazama dume hilo, linaumwa na bado linanguruma!

— Spika zangu zina vyombo ndani, alisema Fundi bila kugeuka. Hazipangishi.

— Na lile je?

Alionesha boksi kubwa kuliko yote, lililotolewa matumbo, limebaki tundu.

— Hutoshi, Wembe, alisema Daktari.

— Mimi? Mimi na lile boksi ni chanda na pete. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini.

Akaingiza mguu gizani. Ukafuata wa pili. Kikafuata kiuno, kwa mabishano. Mwishowe alipotea wote, magoti yakiwa masikioni, na kilichobaki nje ni mkono mmoja wenye mashine ya kunyolea. Mteja wake alitoka kibandani, shuka shingoni, nusu ya kichwa ina nywele, nusu inang'aa.

— Jamani, kinyozi wangu yuko wapi?

— Yuko hewani, alijibu Mama Birika. Subiri tangazo.

Na hapo boksi likaimba. Lilianza na ubeti wa kwanza wa ule wimbo wa Tufani ambao kila mtu hapa mjini anaujua, kisha likafika kwenye kiitikio:

*Zima taa, zima taa, moto ninao mimi!*

Nisimnyime haki yake: sauti ilitoka nene, nzuri, kama ya mtu mara mbili ya Wembe. Daktari akasimama, mikono juu. Mama Birika akapiga birika kwa kifuniko. Mteja akawa anatupa kichwa mbele na nyuma, nywele za upande mmoja zikimfuata. Na yule mama mgeni akaweka kikombe chini, akaanza kulipiga benchi kwa viganja vyote viwili. Lo! Ghafla kelele zetu zikapata uti wa mgongo. Benchi likawa ngoma, nasi tukawa bendi.

Fundi Spika aligeuka. Aliitazama ile mikono, akainuka polepole.

Tukakiimba kiitikio. Tukakirudia. Tukakirudia tena, mpaka kikatuishia mdomoni kama peremende. Mgeni akaendelea kupiga, peke yake, akitungoja. Kisha akasimamisha mikono.

— Na ubeti wa pili? aliuliza. Ubeti wa pili unasemaje?



— Unaniuliza mimi? ilisema sauti kutoka ndani ya boksi. Mimi niko ndani huku.

— Ubeti wa pili... Daktari alikuna kidevu. Ubeti wa pili si ndio ule wa gitaa?

— Gitaa linakuja baada yake, baba.

— Basi mimi pale huwa narukaruka.

— Mimi huwa nasema na-na-na, alisema mteja. Lakini kwa uchungu.

— Mimi huwa naanza kuosha vikombe, alisema Mama Birika.

Wote wakanitazama mimi. Nami, niliyewafundisha nusu ya mtaa huu kukariri mashairi, nikatazama bango.

— Fundi, wewe?

— Pale huwa napunguza besi, alisema Fundi Spika. Nasikiliza spika. Maneno sijawahi kuyasikiliza. Akamsogelea yule mama, akamwambia: Dada yangu, ningekujua tangu ulipokaa, kosa ni la mgongo wangu. Jamani, huyu ndiye mpiga ngoma wa Tufani.

— Tangu lini? aliuliza Daktari. Mimi nimehudhuria maonesho yao yote!

— Na kila onesho nilikuwepo, baba. Nani humwona mpiga ngoma, na mbele pamesimama zile nywele?

— Lakini ngoma ikilia sana hupasuka, alisema Wembe kutoka boksini, kwa kuwa methali ilikuwa imemjia na hakuwa na pa kuiweka.

— Yangu imelia na Tufani tangu ujana wetu, mwanangu. Haijapasuka.

Akanywa kilichobaki kikombeni, akatueleza.

— Amenituma yeye. Jana tulijaribu. Ubeti wa kwanza anauweza, na kiitikio ataimbiwa na uwanja mzima. Ubeti wa pili hauwezi tena. Unaimbwa taratibu, unataka pumzi ndefu, na yake inaishia mlangoni. Akaniambia, nenda mtaani kwetu, usijitambulishe. Ukipata watu wanaoujua, nitapanda. Pale nitanyamaza, nao wataniimbia. Usipopata, nabaki nyumbani. Sitaki kusimama pale peke yangu na ukimya. Basi nimepita kwa washona viatu, nimepita sokoni, nimepita stendi. Kote nimeimbiwa kiitikio.

— Mwambie sisi tunaujua! lilisema boksi.

— Mnaujua?

Boksi lilifikiri.

— Bado.

Mama Birika akainua birika, akalitikisa sikioni.

— Imebaki ya mzunguko mmoja, dada yangu. Tuimbie, tuushike kabla haijaisha.

Akatuimbia. Hakupiga benchi safari hii, sauti tu:

*Mafuta yakikauka, utambi bado ninao,*
*Sogea hapa jirani, nipe moto ulonao,*
*Tuangaze wapitao, mpaka wafike kwao.*

Daktari alivua kofia. Sijui kwa nini, nadhani hata yeye hajui.

— Miaka yote hii, alisema, anatuambia hayo, na mimi narukaruka?

— Mwalimu, kazi yako hiyo, alisema Mama Birika.

Nikawafanyia kama ninavyowafanyia watoto. Mstari mmoja, urudiwe mpaka ukae. Ukikaa, ongeza mwingine. Daktari alikuwa akimpa jirani utambi na kubaki na mafuta, tukamrudisha. Mteja alipoteza wapitao mara kwa mara, tukawatafuta pamoja naye. Aliyeushika wa kwanza ni Wembe, maana ndani ya boksi hakuwa na mtu wa kubishana naye. Fundi Spika aliimba akitazama chini, midomo ikitembea kama mtoto anayesoma jina lake kwa mara ya kwanza.

Simu yake ikalia.

Aliitazama, akampa mpiga ngoma. Mpiga ngoma hakusema halo wala habari. Aliinua simu, akaielekeza kwenye benchi, akatikisa kichwa: haya.

Tukaimba. Nisikudanganye, hatukuimba vizuri. Mama Birika alianza juu mno, Daktari alichelewa kila mstari, na sauti iliyo bora kuliko zote ilikuwa ndani ya sanduku. Lakini hatukuruka neno. Tuliwafikisha wapitao mpaka kwao.

Kwenye simu hapakuwa na kitu. Halafu tukaisikia pumzi, ikiingia polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Ikatoka. Ikaingia tena. Tukangoja. Hakuna aliyecheka.

— Pakia, ilisema simu. Ikavuta hewa. Spika.

Fundi alikwisha kuingia karakanani kabla neno halijaisha. Sisi wengine tulikuwa tukipiga kelele. Mama Birika alilipindua birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoa tone moja, na mashapo. Kahawa imekwisha, alisema, nendeni makwenu. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu Wembe alikuwa bado amekwama. Daktari alishika mkono mmoja, mimi nikashika mguu.

— Na kichwa changu? aliuliza mteja.

— Ndugu yangu, alisema Wembe akitoka kwa mafungu, tupakie spika kwanza. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Nitembee hivi mpaka Jumamosi?

— Utasimama upande wa kulia wa uwanja. Tufani atakuona mzima.

Basi, rafiki yangu, sasa waweza kufumbua macho. Jumamosi ni kesho kutwa, na watu watajaa. Kiitikio usijisumbue nacho, utakikuta kinakusubiri getini. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Tufani akinyamaza pale katikati, akaishusha maikrofoni na kututazama, ujue hajashindwa. Anakungoja wewe. Ni pale penye mafuta: *Mafuta yakikauka...*

Haya, malizia.