Mikojo Mizuri ya Wivine

Kamyo, lile lori la mizigo na abiria, ilipoanza kushuka Kirotshe, mdomo ulimshinda Papa Kasika, mchuuzi wa Butembo. Akamuuliza Mama Sidonie, aliyeketi naye juu ya magunia ya maharagi, chupa aliyoipakata kama mtoto ina nini.

"Mikojo. Niko na ile ugonjwa wanaita lupus, inachoma uso, inavimbisha miguu. Dokta anataka kuona mikojo."

Kasika akaichungulia. Ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. "Lakini hii haina ubaya, Mama."

"Njo maana nimeileta! Yangu inatoka nyekundu, na povu kama pombe ya kasiksi ya ndizi. Siku ile dokta aliichemusha, ikaganda sawa yai, masera, wale masista wa hospitali, wote wanaangalia. Nilipata haya! Hii ni ya Wivine, mukwe wangu, bibi ya mutoto wangu. Muntu mukubwa hatumupelekei kitu mubaya."

"Atasema umepona! Atakurudisha nyumbani na figo zimeharibika!"

"Heshima ni heshima, Papa."

Kamyo ikasimama mbele ya hospitali. Mama Sidonie akamwomba amshikie chupa, ashuke. Kasika akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaimwaga barabarani, akamrudishia tupu.

"Papa weee!" akalia Mama Sidonie. "Na vile ilikuwa nzuri!"