Fundi Bulaimu bin Feruzi, Aliyejenga Ghala la Serikali pale Kindu na Kulibomoa

Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi mafundi mliovuka muto kuja kuzika: huyu tunayemzika leo huku Alunguli, ng'ambo ya Kindu, ni mjomba wangu, Bulaimu bin Feruzi. Haya ni maisha yake kama alivyonisimulia mwenyewe na kama nyinyi mlivyoyaona.

Marehemu alizaliwa upande wa Tunda, yapata mwaka 1860. Mwaka 1871 watu wenye bunduki walichoma kijiji chao asubuhi, wengine wakiwa bado wanaota moto. Babake alipigwa risasi akiwa ameshika jembe. Marehemu alifungwa kamba shingoni pamoja na dada yake Hawa, ndiye mama yangu, wakatembezwa mpaka Nyangwe. Kila nilipomuuliza aliona nini njiani, alijibu neno moja: “Migongo.”

Chuo chake kilikuwa shimo la udongo. Hamisi, mwashi wa pwani, ndiye aliyewanunua yeye na dada yake. Watumwa walikanyaga udongo tangu asubuhi, na donge likionekana kwenye tofali, Hamisi alimpiga mkanyagaji kwa mwiko kwenye muundi. Makovu yale wote tuliyaona. Lakini Hamisi huyohuyo ndiye aliyemfundisha kusoma: alichora herufi kwa kidole ukutani kabla lipu haijakauka, marehemu akaifuata, kisha wakailainisha isionekane. Mwaka 1879, akiwa mgonjwa wa kufa, Hamisi alimwacha huru yeye na dada yake.

Hapo akaja Kindu. Aliwajengea wakubwa wa pwani baraza lao na jela lao. Mwaka 1893 vita vikaja, vyote viwili vikaungua, na maiti zikapita mutoni siku nyingi mpaka watu wakaacha kula samaki. Moshi haujaisha, serikali mpya ikamwita.

“Ni weye fundi wa Warabu?” akauliza Bwana wa posti, yule Mzungu mkuu wa kituo cha serikali.

“Mimi niko fundi wa kuta, Bwana. Warabu walikuwa ndani tu.”

Akapewa mkataba wa nyumba ya posti, kisha wa mahakama, kisha wa kutengeneza kambi ya askari kila mvua ilipoibomoa. Serikali ilitoa vitambaa na chumvi, yeye akatoa kuta. Alikuwa mukali. Tusifiche, maana baadhi yenu migongo yenu inajua.

Alimuoa Sharifa mwaka 1881. Siku alipokwenda kuposa, alisukuma ukuta wa baba mukwe kwa bega, kama alivyosukuma kila ukuta alioukuta, na ukuta ukaanguka juu ya vyungu. Sharifa akatoka na ufagio: “Weye umekuja kuoa ao kubomoa?” Marehemu akajenga ukuta mwingine kabla ya kula mchana, ndipo posa ikapokelewa. Walijaliwa Jamila na Feruzi.

Mwisho wa mwaka jana, 1895, alipokea mkataba wa ghala la mpira, ule utomvu wa msituni ambao serikali inavitoza vijiji. Yeye na waashi wake wajenge. Vijiji vya mutoni vilete miti na majani ya paa. Vijiji vikachelewa. Askari wakaenda wakachoma nyumba, wakakamata wanawake, wakawafungia ndani ya kuta za ghala lililokuwa bado halina paa. Mmoja wao alikuwa Hadidja, muke wa mwashi Sumaili, aliyekuwa amekwenda kusalimia wazazi wake. Mvua iliwanyeshea humohumo. Mtoto mchanga akafa kifuani kwa mama yake, na askari wakakataa kumtoa mpaka kesho yake.

Waashi wakaweka mwiko chini. Bwana wa posti akaapa mbele ya marehemu kwamba paa likiisha, wanawake watakwenda kwao. Marehemu akaamini, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuvunja mkataba.

“Fundi,” akasema Sumaili, “unajenga kifuniko juu ya muke wangu.”

Marehemu akampiga mpaka fimbo ikavunjika. “Paa ikiisha anatoka! Panda juu!” Sumaili akapanda, damu ikimchuruzika.

Paa likaisha siku ya Ijumaa, mwezi wa Rajabu. Marehemu akaenda kuwadai wanawake. Bwana akacheka: sasa jela limekuwa zuri, watakaa mpaka vijiji vijaze ghala kwa mpira.

Mafundi wote wa Kindu wanajua desturi yetu. Nyumba mpya haikabidhiwi mpaka fundi na watu wake wale chakula ndani yake. Kabla ya hapo ni ya fundi, na hata mwenye kuijengesha hubisha hodi. Marehemu akarudi nyumbani.

“Sharifa, pika ugali mukubwa.”

“Wa watu wangapi?”

“Wa watu wenye njaa na wenye kazi.”

Adhuhuri yeye na waashi wake wakaenda ghalani na vikapu vya chakula. Askari mlangoni walikuwa watoto wa hapahapa Maniema, desturi waliijua.

“Fundi, Bwana amekataza.”

“Hii nyumba nimekula ndani yake?”

“Bado.”

“Basi iko ya nani?”

Wakatazamana, wakafungua. Chini ya ugali kulikuwa na mashoka. Marehemu akafunga mlango kwa ndani, akauegemea kwa mgongo, akawaambia waashi wake wapige ukuta wa upande wa muto. Alikuwa ameujenga mnene, ukakawia. Bwana aliposikia vishindo akaamuru bunduki zipigwe kupitia mbao za mlango. Risasi mbili zikamwingia marehemu kiunoni. Hakuondoka mlangoni. Wanawake wakatoka kwenye tundu wakikimbilia mitumbwi. Mmoja askari walimpasua kichwa kwa kitako cha bunduki pale ukingoni mwa muto, na jina lake hatujalijua. Sumaili na Hadidja ndio waliomburuta marehemu kupitia tundu lile wakamvusha mpaka huku.

Jeraha likaoza. Alikuwa akiuma kamba ili asipige kelele. Akamwomba Sumaili msamaha kwa ile fimbo.

“Bado inaniuma, Fundi,” akasema Sumaili. “Lakini kunywa maji.”

Akafariki jana alasiri, mwezi wa Shabani, mwaka huu wa 1896.

Ameacha mjane wake Sharifa, watoto wake Jamila na Feruzi, dada yake Hawa, waashi aliowafunza na kuwapiga, na hawa mama waliotoka ghalani, waliokaa mbele bila kufahamiana naye. Leo asubuhi tarishi wa posti alivuka kutafuta fundi wa kuziba tundu la ghala. Alizunguka mlango kwa mlango. Mafundi wote wakamjibu kwamba wako matangani, na walipoulizwa matanga yataisha lini, hakuna aliyejua.

Mungu amlaze kwa amani, mahali pasipo na mlango wa kuegemea.