Bi. Immaculata Niyonsenga, Aliyetupunguzia Menyu

Mimi Cleophace Rwezaura nina miaka sabini na sita. Nimewazika wenyeviti watano wa chama hiki cha kahawa cha Ihembe, nimezeesha mizani tatu, na ule mnyauko uliomaliza migomba ya majirani ulipita kwangu ukaondoka na aibu yake. Kwa hiyo kamati iliposema wasifu huu aandike Yustus, karani mpya, kwa kuwa kasoma, nilikataa. Yustus amemjua Bi. Immaculata miezi miwili. Mimi nilikuwepo siku anaingia mlangoni, na herufi hizi nimezibonyeza mwenyewe, kidole kimoja, polepole.

Bi. Immaculata Niyonsenga anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuwa karani wetu miaka thelathini na mitatu. Alikuja kutoka Rugu msichana mwembamba, watu wakasema huyu upepo wa kiangazi utamchukua. Haukumchukua. Aliandika barua za chama kwa mashine ya chapa mpaka herufi ya R ikakatika, akawa anaiweka kwa kalamu. Wakulima wakasema hiyo R ya kalamu ndiyo inayoipa barua heshima.

Kahawa yenye unyevu hakuipokea hata ya mjomba wake. Lakini alikusalimu kwanza, akauliza wa nyumbani, akauliza na ng'ombe kama kazaa, ndipo akakwambia rudi ukaianike. Watu walirudi na magunia yao wakicheka. Nilijaribu mimi kuwarudisha, walinitukana.

Sasa nije kwenye menyu, ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Chama kilipata kompyuta mbili kuukuu. Ukiiwasha moja, maharage yanaiva haijaamka. Edgar, fundi wa Kayanga, akaja na fleshi akazitia mfumo wa Linux, ule mwepesi, zikaamka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Ukibonyeza mausi popote kwenye uwanja wa kioo, menyu inachomoza pale pale. Shida ikawa menyu yenyewe. Ndefu, Kiingereza kitupu, na ndani ya kila mlango kuna milango mingine. Kusoma kwangu ni kwa kuvizia. Nilitafuta pa kupimia kahawa nikatokea kwenye mchezo wa karata. Dusabe, mbeba magunia wetu, alicheka mpaka akakaa chini.

Mwenyekiti Elipidius hakucheka. Alisema asiyeiweza kompyuta asisimame mizanini msimu ujao. Alisema kwa wote, lakini macho yalikuwa kwangu. Na mimi mke wangu alishatangulia, watoto wako mbali. Mtu kama mimi ukimtoa mizanini umempeleka nyumbani akaongee na kuku.

Bi. Immaculata hakubishana na mwenyekiti. Kesho yake alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Mzee, ukisimama pale unaanza na nini?"

"Napima."

"Halafu?"

"Natoa stakabadhi."

"Halafu?"

"Nabishana na watu."

"Hilo sitaliweka."

Akafungua faili la menyu, lile lenye maandishi yake ya ndani, akaanza kupogoa. Programu hakuzifuta, alizitoa tu barazani zisitusumbue. Na hapa mtu asiniibie sifa yangu: wazo la mpangilio nilitoa mimi. Nilimwambia apange kama kibanja, shamba letu la migomba. Ndizi za kupika hupandwa karibu na nyumba, za pombe mbali, kwa sababu kitu cha kila siku hukifuati kwa safari. Alinitazama, akasema, "Maawe! Kumbe." Akaweka Kupima juu kabisa na picha ya gunia, kisha Stakabadhi, kisha Barua. Zima akaipeleka mwisho, chini ya mstari, peke yake, kwa sababu Dusabe alishawahi kuizima kompyuta watu wakiwa foleni. Maneno yote Kiswahili, makubwa, hata bila miwani.

Nikabaki mizanini. Msimu wote sikutokea kwenye karata.

Ikaja Septemba ya mwaka jana. Edgar alipita jioni akasasisha mitambo, akaondoka. Asubuhi nabonyeza, menyu yetu haipo. Imerudi ile ndefu ya Kiingereza. Nje foleni imefika barabarani, wingu limekaa vibaya, na Bi. Immaculata yuko Rugu kwenye msiba wa shangazi yake. Mwenyekiti akasimama nyuma yangu.

"Mzee, pisha. Watu warudi kesho."

"Mwenyekiti," Dusabe akasema huku akivuta turubai, "kesho haya magunia yatakuwa uji."

Nilijua nikipisha siku ile nimepisha moja kwa moja. Nikapiga simu.

"Mzee, tunazika huku," Bi. Immaculata alinong'ona.

"Pole sana, mama. Na huku menyu imepotea, mwenyekiti yuko mgongoni kwangu."

Nikasikia majani makavu ya migomba yanavunjika, anajitenga na watu. Akaniuliza nilivyokaa, kioo kinaonyesha nini, kuna picha ya kalamu wapi. Akaniongoza mpaka faili likafunguka. Maandishi tele, kama siafu.

"Tunaandika mstari mmoja tu, wa Kupima. Mingine nitakuja kuandika mimi. Weka mdomo wa kuku unaotazama kushoto."

"Nimeuona. Alama iliyo juu ya mkato."

"Andika ninavyokutajia. Ukimaliza, weka mdomo unaotazama kulia."

Akanitajia herufi moja moja, kwa sauti ya mtu aliye msibani. Niliandika, nikahifadhi, nikaiambia kompyuta isome faili upya. Nikabonyeza. Hakuna kitu. Mwenyekiti akashusha pumzi yake yote shingoni kwangu.

"Mama, imegoma."

"Nisomee ulichoandika."

Nikamsomea mbele ya watu, mimi ambaye kanisani hukataa kusoma somo.

"Hujafunga mwisho, mzee. Kuku wa mwisho anarudi na fimbo mkononi. Ile alama ya fimbo iliyoinama."

Nikaweka fimbo. Nikabonyeza. Kupima ikakaa juu kabisa.

"Imekuja," nikamwambia.

Nilisikia analia, sijui kwa shangazi yake au kwa sisi. Kisha akasema, "Haya, pima. Wasiloweshwe." Tulipima mpaka gunia la mwisho, na mvua ilipokuja ilinyesha juu ya bati tu. Mwenyekiti lile neno lake la mizanini hajalirudia.

Mwezi huu Yustus alikaa kwenye kiti cha Bi. Immaculata kujifunza. Akabonyeza, akaona mistari yetu michache, akasema, "Mama, hii nitairudisha ya kawaida." Nilikuwa mlangoni na sikuweza kuingia wala kutoka.

Bi. Immaculata hakuinua macho. "Si yangu hiyo. Ni ya Mzee Cleophace. Nenda kamwombe yeye."

Na kweli kijana akaja mizanini.

"Shikamoo mzee. Naomba ruhusa. Hii ya zamani sitaigusa. Niongeze tu mstari mmoja wa baruapepe."

"Marahaba. Hapana."

Akarudi kesho yake. Nikakataa tena, ili ajue. Alipokuja mara nyingine nikamwambia aongeze, ila chini ya Barua, na aandike mimi nikiwa nimesimama. Akaandika. Nikakagua mwanzo na mwisho, nikamwambia endelea.

Dada Immaculata, asante. Kuanzia Julai usije huku kuchungulia kama tumeharibu. Tutaharibu, na tutatengeneza. Kaa Rugu kwenye kibanja chako, amka jua likiwa limeshapanda, wajukuu wakuletee uji kitandani. Mungu akupe miguu mizima na miaka mingi, uione na kahawa uliyopanda mwaka huu ikikuzalia. Chama kizima kinakuombea hivyo, na mimi nakuombea zaidi yao.

Anayetilia shaka haya amwulize Dusabe, aliyekuwa ameshika turubai. Amwulize na Mwenyekiti Elipidius, ataanza kwa kukataa halafu atakubali. Bi. Immaculata mwenyewe msimwulize. Atawaambia yeye hakufanya kitu.