Mguu wa Nane

Jumatano, saa saba na dakika kumi mchana, kioo cha mashine ya kutotolesha vifaranga kilionyesha nyuzi ishirini na moja. Kipimajoto cha mkono, kilichopachikwa katikati ya mayai, kilionyesha arobaini na sita. Mashine ilidhani kuna baridi, ikazidi kupasha. Mayai yalikuwa mia mbili na kumi na sita, siku ya kumi na tisa. Zilibaki mbili yaanguliwe. Mwenye mayai ni dada wa fundi wa vifaa vya umeme aitwaye Waya, na mashine aliiunda Waya mwenyewe. Saa kumi, dada akiwa nyumbani anayamulika moja moja kwa tochi aone kama vifaranga bado wanacheza ndani, Waya alikuwa benchini, kando ya karakana ya Cheche mchomeleaji. Kahawa ilishapoa. Chipu ya mashine, iliyoungua, ilikuwa juu ya goti lake.

SPIKA, muuza vocha, husikika hadi ng'ambo ya barabara: Huo sasa mguu wa ngapi?

WAYA: Wa saba. Chipu ina miguu minane ya kusomea joto. Mmoja ukifa, nahamishia waya kwenye unaofuata.

SPIKA: Kama mpangaji! Chumba kikivuja unahamia cha jirani.

MSTAAFU, karani wa posta wa zamani: Wapangaji saba wamekufa. Hapo pana mkono wa mtu.

SPIKA: Mkono wa nani tena? Wa Cheche! Akianza kuchomelea, hata redio yangu inakohoa. Na ule waya wa kupimia joto umepita ukutani kwake mita ishirini.

CHECHE: Mwenye nguvu mpishe, kaka. Mageti nimeanza kuchomelea kabla bibi yake huyo kuku hajataga.

SPIKA: Basi ni radi ya mwezi uliopita. Haikuondoka. Imejificha kwenye bati, inashuka kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

CHECHE: Radi ya kujificha! Ina deni?

MSTAAFU: Msicheke. Umeme ukishaonja njia hausahau. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

CHECHE: Hiyo ni ya mabaharia, mzee.

MSTAAFU: Na umeme hausafiri? Mimi nasema mayai yenyewe. Mioyo mia mbili na kumi na sita, siku ya kumi na tisa yote inadunda. Ikidunda kwa pamoja, chipu gani itahimili?

Hakuna aliyecheka. Mstaafu akashusha macho, kama aliyegonga mlango wa msiba bila kujua.

Waya hakuhitaji nadharia, alijua. Mguu mmoja huvumilia volti tano. Cheche akigusisha chuma, waya mrefu vile huokota umeme kuzidi hapo. Fundi aliyemfunza kazi alimchorea zamani: kati ya waya na mguu weka risista moja ibane mkondo, na dayodi mbili zimwage ziada. Waya aliziacha, kwa sababu mezani mashine ilifanya kazi bila hizo. Mguu wa kwanza ulipokufa, kuhama kulimchukua dakika tano. Wa pili, dakika tano. Risista zilikuwa kwenye kopo juu ya meza yake, zimejaa hadi mdomoni.

Dada yake alikuja na tochi mkononi, bado inawaka.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Kaa hapa.

Hakukaa.

— Nimeyamulika yote, alimwambia Waya.

— Enhe?

— Hakuna linalocheza.

Spika akaweka kikombe chini, taratibu, bila kukiliza.

— Pole sana, dada yangu, Cheche akasema.

— Nimeshapoa. Na mashine?

— Kesho asubuhi nahamishia mguu wa nane, Waya akasema. Itawaka.

Dada aliitazama ile chipu gotini.

— Mdogo wangu, huo wa nane una nini ambacho ile saba haikuwa nacho?

Cheche akaukodolea macho ukuta wake. Mstaafu, mwenye methali ya kila jambo, akachungulia kikombe kisicho na kitu.

Waya akaitia chipu mfukoni.

Dada akazima tochi, akaenda zake.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, mayai mia mbili na kumi na sita yalifukiwa nyuma ya banda. Waya alichimba shimo. Mguu wa nane haukuunganishwa.